Vitabu na sinema za Waingereza wa siku hizi: mbona watu wao hawasemi? Tupeane uzoefu

Msoma Usiku
Habari za jioni wakuu. Niko mwaka wa tatu, nasoma fasihi, na muhula huu tuna kozi ya vitabu na filamu za Uingereza kuanzia miaka ya 1980 hadi leo. Waingereza niliowajua darasani kabla ya hapo wote walishakufa zamani, kwa hiyo niliingia kwa hamu.

Tumeanza na The Remains of the Day ya Kazuo Ishiguro, iliyochukua tuzo ya Booker, ile kubwa ya riwaya za Kiingereza, mwaka 1989, kisha tukaangalia filamu yake ya 1993. Kwa wasioijua: Stevens ni mkuu wa watumishi katika jumba la bwana mkubwa, Lord Darlington. Kazi kaishika kwelikweli. Baba yake mzazi anakata roho ghorofani, yeye yuko chini anahudumia wageni. Bi Kenton, anayesimamia mambo ya nyumba, anampenda, na yeye anampenda, lakini miaka inakatika wakinywa kakao jioni na kujadili ratiba za kazi. Kuna mahali Bi Kenton anataka kujua Stevens anasoma kitabu gani. Anamsogelea hadi pembeni, anambandua kidole kimoja kimoja, kumbe ni hadithi ya mapenzi! Na mzee anajitetea eti anasoma ili kukuza Kiingereza chake. Chumba kizima hosteli tulipiga kelele: "Mzee, sema basi!" Wapi.

Nilicheka hadi pale bwana wake alipoamuru wasichana wawili wa Kiyahudi waachishwe kazi kwa sababu ni Wayahudi. Stevens anaona si sawa, na anawaachisha hivyo hivyo. Kuanzia hapo kimya chake sikukifurahia tena.

Sasa nawauliza wenzangu mliosoma au kuangalia kazi za huko: kipi kilikugusa, kipi kilikuchosha, na hivi hawa watu huwa wanasema lini?

Mlezi wa Wazee
Mdogo wangu, mimi nafanya kazi ya kulea wazee kaskazini mwa Uingereza, na huyo Stevens namhudumia kila siku kwa majina tofauti. Ukimuuliza "umelalaje" anakwambia "si vibaya". Kafiwa, si vibaya. Mguu umevimba, si vibaya. Mwanzoni niliona ni baridi ya roho. Siku hizi nikiambiwa "si vibaya" naenda kuangalia mguu.

Filamu yangu ni I, Daniel Blake ya Ken Loach, iliyoshinda Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, mwaka 2016. Inatokea Newcastle. Daniel ni fundi seremala, kapata mshtuko wa moyo, daktari wake kamkataza kazi, ofisi ya mafao inasema ana uwezo wa kufanya kazi. Fomu ni za kompyuta tu, na yeye maisha yake yote ni mbao na patasi. Anaambiwa aiburuze "mausi" juu ya skrini, anainyanyua mausi na kuibandika kwenye kioo cha kompyuta. Ukumbini watu walicheka. Mimi sikuweza, nilimwona baba.

Halafu kuna Katie, mama wa watoto wawili aliyehamishwa kutoka London kwa sababu huko hakuna nyumba ya kumpa. Anakwenda kwenye kituo kinachogawa chakula cha msaada, na njaa inamzidi: anafungua kopo hapo hapo na kula kwa mkono, halafu aibu inamshuka analia. Nilimrushia mama Mwanza kipande hicho. Akapiga simu: "Hao ni Wazungu wa wapi?" Nikamwambia wa hapa hapa ninapoishi. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama mimi nakula vizuri.

Kwa swali lako: Daniel anasema. Anachukua rangi ya kupuliza na kuandika ukutani, nje ya ofisi, jina lake na madai yake. Kumbe wanasema wakishasukumwa hadi ukutani, tena bila mafumbo.

Jirani wa South C
Niaje watu. Mimi ni wa Nairobi na sitaki mambo ya kulia, nimekuja na Bend It Like Beckham (2002). Wengi huiona sinema ya wasichana wa mpira, basi. Lakini mwelekezi wake, Gurinder Chadha, alizaliwa hapa Nairobi mwaka 1960, na ukijua hivyo mzee Bhamra anabadilika kabisa machoni pako.

Mzee huyo ni Singasinga, anafanya kazi uwanja wa ndege wa Heathrow, na muda mwingi wa filamu ni baba wa "hapana": hapana mpira, hapana kaptura, ngoja harusi ya dada yako. Kisha anafunguka. Akiwa kijana Nairobi alikuwa mrushaji mkali wa kriketi, timu yao hata ikashinda kombe la Afrika Mashariki. Alipofika Uingereza klabu zikakicheka kilemba chake na kumfukuza. Akaweka kriketi chini, akaapa hataki tena. Hiyo stori kaibeba ndani miaka yote, na binti alidhani babake ni mkali tu.

Nimesomea shule moja na watoto wa Wahindi ambao wajomba wao waliondoka mwishoni mwa miaka ya 60, wakati watu walikuwa wanakimbilia kuingia Uingereza kabla sheria ya uhamiaji ya 1968 haijafunga mlango. Sisi tuliobaki stori yetu iliishia airport. Hii sinema ndiyo ilinionyesha walikoshukia.

Bi Mkarafuu
Assalaam alaykum. Mimi mwalimu mstaafu, Unguja. Mnataja wote mkamwacha mwenyewe? Abdulrazak Gurnah kaondoka hapa kijana wa mapinduzi yale ya 1964, kafika Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, kasomesha Chuo Kikuu cha Kent mpaka akastaafu, na mwaka 2021 kapewa Nobel. Kitabu chake By the Sea, cha 2001, nimekisoma mara mbili, na ya pili ndiyo iliyoniumiza.

Mzee Saleh Omar anatua Gatwick na pasipoti ya jina la mtu mwengine. Kaambiwa na aliyemuuzia tiketi asiseme Kiingereza, basi anakaa mbele ya ofisa wa uhamiaji kama hajui neno, na kila kitu anakifahamu. Ofisa anampekua sanduku, anakuta kijaluba cha ud al-qamari, udi ule wa kheri, anakichukua. Mzee kimya. Nchi, nyumba, mke, mwana, vyote vishakwenda, na kilichobaki ni kile kiharufu, nacho kinachukuliwa na mtu anayezungumza kwa upole kabisa.

Kisha anakuja kuonana na Latif, mtoto wa mtu yule ambaye jina lake kalivaa. Watu wa mji mmoja, baina yao kuna ugomvi wa nyumba wa tangu zamani, wanakutana kwenye mji wa pwani wa Kiingereza na wanaanza kuhesabiana nani kamdhulumu nani. Hapo nilicheka peke yangu. Nyumba ya urithi haikuachi hata ukivuka bahari saba. Niwaambie nyinyi watoto, mimi nawajua Saleh na Latif wa kweli, zaidi ya jozi moja, na hawajapanda ndege hata siku moja.

Kwa hivyo mwanangu, kimya si cha Waingereza peke yao. Stevens kanyamaza ili abakie na cheo chake. Saleh kanyamaza ili apite mlangoni. Usivitie kapu moja.

Msoma Usiku
Shikamoo mwalimu. Hiyo ya mwisho naomba niitumie kwenye kazi ya darasa.

Bi Mkarafuu
Marahaba. Itumie, lakini kwanza kisome chenyewe.

Boda wa Ntinda
Mimi niko Kampala, nitasema ukweli, The Last King of Scotland ilinikasirisha. Forest Whitaker kama Idi Amin ni moto, Oscar alistahili. Lakini yule daktari kijana wa Kiskoti hakuwepo! Kabuniwa na Giles Foden kwenye riwaya ya 1998. Miaka minane ya Amin, watu wetu wamekufa hivyo, na sinema inataka nimwonee huruma kijana aliyekuja kutafuta raha. Walipiga picha hapa hapa Uganda, mitaa naifahamu, na bado nilihisi niko mgeni ndani yake. Hapo tatizo si kunyamaza. Wamesema sana, kwa mdomo wa mtu asiyekuwepo.

Jirani wa South C
Lakini si yule kijana ndiye mjinga wa filamu? Anapenda sifa, anafumba macho, mpaka maji yanamfika shingoni. Mimi naona wanajicheka wenyewe.

Boda wa Ntinda
Wajicheke, sawa. Ila mazishi ni yetu.

Kurasa Tano
Wakati mnagombana, kuna mtu alimaliza Trainspotting ya Irvine Welsh (1993)? Nilidhani najua Kiingereza. Yule bwana anaandika kama watu wa Leith, kule Edinburgh, Scotland, wanavyoongea, herufi kwa herufi. Nikahamia filamu ya Danny Boyle ya 1996, nayo nikawasha maandishi ya chini.

Mlezi wa Wazee
Soma kwa sauti, usisome kimyakimya. Mimi nilianza kuwaelewa Waskoti kazini siku nilipoacha kuwasikiliza kwa macho. Na ukitoka hapo chukua Girl, Woman, Other ya Bernardine Evaristo, iliyogawana Booker mwaka 2019. Nukta karibu hakuna, sentensi zinakatwa kama mashairi, na wanawake wake weusi wanaongea bila kuomba ruhusa. Msoma Usiku, hao ndio jibu la swali lako.

Msoma Usiku
Dada, Evaristo yuko wiki ya kumi na mbili, na kazi inatakiwa wiki ya nane. Nimeamua: Stevens na Saleh Omar, vimya viwili. Mwenye nakala ya By the Sea Dar aje inbox, ya maktaba ina watu kwenye foleni hadi mwezi ujao.

Kurasa Tano
Ninayo. Ila imekatika jalada na kuna mtu kaandika maoni yake pembeni ya kila ukurasa, anamtetea Latif mwanzo mwisho.

Bi Mkarafuu
Huyo mwenye kumtetea Latif mlete hapa.