Mjadala: Je, maktaba ziruhusiwe kuazimisha kwa njia ya mtandao michezo ya video isiyouzwa tena?

Mleta mada:

Ndugu wasomaji, naomba tujadili swali hili tukiwa na mfano mmoja mkononi, kwa sababu mijadala ya hakimiliki hupotelea hewani upesi pale isipoegemea kitu mahususi. Mfano wangu ni TwinBee, mchezo uliotolewa na Konami ya Japani mwaka 1985 kwa ajili ya mashine za kwenye kumbi za michezo. Mandhari hushuka kutoka juu ya skrini, na mchezaji huendesha chombo kidogo cha mviringo chenye mikono, akiwapiga risasi maadui wa angani na kuwadondoshea mabomu walio ardhini. Ukilipiga wingu, hutoka kengele ya njano. Ukiendelea kuipiga hubadilika rangi, na rangi nyingine huongeza kasi au nguvu ya silaha, kwa hiyo mchezaji hulazimika kuamua kila mara kama aifuatilie kengele au ajiepushe na risasi zinazomjia. Mikono yote miwili ikipotea, hupita gari dogo la wagonjwa na kuirudisha. Kwa maoni yangu, ni michache kati ya michezo ya kupigana risasi ya miaka ile iliyoweza kuwa migumu kiasi hicho huku ikichekesha.

Linalonitia wasiwasi ni hali ya mashine yenyewe. Toleo la kwanza lilihifadhiwa katika kumbukumbu ya viputo vya sumaku, teknolojia iliyohitaji kupata joto kabla ya kufanya kazi, hivyo mashine ilipowashwa ilipiga muziki huku ikihesabu sekunde kushuka mpaka iwe tayari. Kumbukumbu hizo huharibika kwa urahisi, na hakuna anayezitengeneza tena. Kisheria, Japani hulinda kazi ya kampuni kwa miaka 70 tangu ilipotolewa, na Marekani kwa miaka 95. Kwa kuwa ulinzi huo huisha mwishoni mwa mwaka, maana yake mchezo huu utakuwa huru mwanzoni mwa 2056 kwa Japani na 2081 kwa Marekani, wakati ambao sidhani kama kutakuwa na mashine hata moja ya awali inayowaka. Utafiti uliotolewa mwaka 2023 na mashirika ya uhifadhi ya Video Game History Foundation na Software Preservation Network ulionyesha kwamba asilimia 87 ya michezo ya zamani iliyotolewa Marekani kabla ya 2010 haipatikani tena sokoni. Hata hivyo, Oktoba 2024 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilikataa ombi la kuziruhusu maktaba kuwapa watafiti michezo ya aina hiyo kwa njia ya mtandao. Msimamo wangu ni kwamba uamuzi ule haukuwa sahihi.

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mleta mada, kwa heshima zote, mfano wako unaipinga hoja yako. Konami iliuweka TwinBee katika mkusanyiko wa michezo yake ya kumbi mwaka 2019, na kampuni ya Hamster nayo imeuuza katika Arcade Archives, mfululizo wake wa michezo ya zamani ya kumbi. Mchezo unaonunulika kihalali hauna haja ya kuokolewa na maktaba. Isitoshe, Ofisi ile haikukataa bila sababu: ilihofu kwamba watu wangejiita watafiti ili wacheze bure nyumbani, na hofu hiyo si ya kubuni. Wapo miongoni mwetu Afrika Mashariki walioujua mchezo huu kupitia kaseti za bei ndogo zilizosongamanishwa michezo lukuki, ambazo mtengenezaji hakupata hata senti kutokana nazo. Tukifungua mlango kwa jina la utafiti, nani atasimama mlangoni?

Mleta mada:

Nashukuru, na nakubali kwamba TwinBee wa ukumbini unauzwa. Kwa kanuni ninayoipendekeza, maktaba isingeruhusiwa kuuazimisha leo. Lakini tazama toleo jingine la mchezo huohuo, lile lililotengenezwa upya kwa picha za pande tatu (3D) mwaka 2011 kwa ajili ya mashine ya mkononi ya Nintendo 3DS. Liliuzwa kwa kupakuliwa tu, bila kaseti, na duka lake la mtandaoni liliacha kuuza tarehe 27 Machi 2023. Kwa asiyelinunua mapema, hakuna dirisha la kulipia. Hapo ndipo maktaba ingeingia, ikimpa msomaji mmoja nakala moja kwa muda maalumu, kama inavyofanya kwa kitabu kilichokwisha dukani, na kampuni ikirudisha mchezo sokoni maktaba isitishe siku hiyohiyo. Kuhusu mlinzi wa mlango, napendekeza mzigo wa uthibitisho uwe wa mwenye haki: atangaze hadharani mahali mchezo wake unapouzwa, na asipotangaza, uhesabiwe kuwa hauuzwi. Ningependa kusikia kutoka kwa wanasheria walio hapa kama sharti la namna hiyo linaweza kusimama mahakamani.