Naomba ushauri: miche ya kahawa kutoka kwenye mbegu

Habari zenu wakuu. Niko Marangu, na ninaotesha kahawa aina ya arabika nyumbani kwa ajili ya kihamba (shamba la nyumbani la ukoo) cha baba. Nilichuma matunda yaliyoiva mekundu kabisa kwenye mti wa zamani unaozaa vizuri, nikayamenya kwa mkono, nikaosha ule utelezi na kukausha mbegu kivulini na ganda lake la ndani. Nikapanda kwenye kitalu cha mchanga, upande bapa ukitazama chini, nikafunika kwa majani makavu ya mgomba.

Kuota kumeota. Arabika huchukua kama wiki 6 hadi 8, kwa hiyo hapo sina wasiwasi. Shida ni kwamba baadhi ya miche, ikiwa bado imebeba buni kichwani, shina linakuwa jeusi pale usawa wa udongo, linasinyaa, mche unalala. Nadhani ni kinyausi, ule ugonjwa wa ukungu unaoozesha miche michanga. Namwagilia kila jioni na kichanja cha kivuli ni kizito. Je, nipunguze kipi kwanza? Na hii iliyo mizima niihamishie kwenye viriba (mifuko ya plastiki ya miche) sasa, au nisubiri yale majani mawili ya kwanza yafunguke?

Jingine: mti mama ni wa aina ya zamani, unaoshikwa na chulebuni (ugonjwa wa matunda ya kahawa) mvua zikizidi. Nafahamu TaCRI (Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania) pale Lyamungu wana aina zinazostahimili. Waliochukua miche huko, mlipata ya vikonyo (vipande vya shina vilivyooteshwa) au ya mbegu? Mizizi yake imevumiliaje kiangazi? Natanguliza shukrani.