Tupeane uzoefu: siku uliyokwama katikati ya mchezo mbele ya watu

Mlezi wa Ngonjera (Tanga)

Ndugu zangu, habari za jioni. Jumamosi iliyopita yalikuwa mahafali ya darasa la saba shuleni kwa binti yangu, naye, akiwa darasa la nne, alipangwa kusema ngonjera na mwenzake juu ya malaria na chandarua. Walijizoeza wiki tatu nzima, na nyumbani aliisema hata akiwa anaosha vyombo. Alipofika ubeti wa tatu akanyamaza. Hakulia wala hakukimbia. Alishika pindo la sketi yake akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena, macho yakinitafuta miongoni mwa wazazi walioketi chini ya turubai, nami nilikuwa nyuma ya nguzo ambako hakuweza kuniona. Mwenzake alingoja kidogo, kisha akasema ubeti wake kana kwamba ule wa binti yangu ulikwisha kusemwa. Watu walipiga makofi ya huruma, na makofi hayo ndiyo yaliyomliza tulipofika nyumbani.

Tangu siku hiyo nakumbuka mwaka 1988, nikiwa darasa la sita, nilipokwama vivyo hivyo mbele ya wageni wa wilaya, na hakuna mtu mzima aliyenijia na neno lolote baada ya pale. Naomba tupeane uzoefu. Wewe uliyewahi kukwama katikati ya mchezo, watu wakikutazama, ulifanyaje? Na ulitamani mtu mzima aliyekuwa karibu afanye nini?

Mpenda Maigizo

Dada, umenigusa. Mimi ni igizo la Krismasi kanisani, nikiwa malaika wa kupeleka habari kwa wachungaji. Neno langu lilikuwa moja tu, "Msiogope", na ndilo nililolisahau. Nilitamani mtu aje anishike mkono, basi.

Mwalimu Mstaafu (Dodoma)

Mwanangu, ngonjera nimeifundisha miaka mingi. Nilianza kazi wakati ambapo ngonjera alizozieneza mshairi Mathias Mnyampala zilikuwa zikisemwa karibu kila shule, kwa sababu baada ya Azimio la Arusha la 1967 ndizo zilizotumika kuwafikishia watu mambo mapya kwa njia ya majibizano. Nakupa siri ya kazi: mtoto afundishwe kushika vina. Mshororo una mizani kumi na sita, nane na nane, na mtoto aliyezoea pigo hilo hata akipoteza neno, mdomo wake hulitafuta lenye urefu unaofaa na mwisho unaofanana. Binti yako huenda alikariri maneno bila kulishika pigo. Akae na mwenzake, wapigiane makofi mepesi kila mizani nane wakati wa mazoezi, na hatakwama tena.

Mama Wawili

Shikamoo mwalimu. Kwa heshima zote naomba kutofautiana nawe, kwa sababu vina ndivyo vilivyonipoteza mimi. Ngonjera yetu ilikuwa na kibwagizo kimoja kila mwisho wa ubeti, na vina vya mwisho vilifanana kuanzia mwanzo hadi tamati. Nikawa nimesema kibwagizo cha ubeti wa pili, kisha mdomo ukaniruka wenyewe hadi ubeti wa sita, kwa kuwa baada ya kibwagizo kile kila ubeti ulikuwa mlango wazi. Mwenzangu akajibu swali ambalo sikuwa nimemuuliza. Mtoto afundishwe maana: ubeti huu namuuliza mwenzangu nini, na ubeti ule nambishia nini. Akiijua hoja, hata maneno yakimkimbia atasema yake mwenyewe na mambo yataendelea.

Mwalimu Mstaafu (Dodoma)

Marahaba, mama. Akisema maneno yake mwenyewe, hiyo tena si ngonjera, ni mazungumzo.

Mama Wawili

Mwalimu, kuliko mtoto asimame kimya mbele ya wilaya nzima, heri mazungumzo.

Mlezi wa Ngonjera (Tanga)

Nawashukuru nyote wawili. Kibwagizo chao ni hiki: "Chandarua ndiyo kinga, usiku tunapolala." Kimerudiwa mara saba, na sasa naona alikwama palepale baada ya kukisema mara ya pili. Nadhani Mama Wawili ameona kilichotokea.

Mcheza Bao (Unguja)

Assalaam alaykum. Yangu hayakuwa jukwaani, yalikuwa barazani, mtaa wa Ng'ambo, nikiwa na umri wa miaka 14. Wazee walikuwa wakicheza bao kila baada ya Alasiri, nasi vijana tukisimama nyuma yao. Siku moja mzee mmoja ambaye mtaa mzima ulimheshimu kwa bao aliniita nikae mbele yake. Mjuao bao la Kiswahili mnajua kwamba mna kete 64 na mashimo 32, na kila mchezaji huanza akiwa na kete 22 mkononi za kunamua, yaani za kuingiza ubaoni moja moja. Nilicheza vizuri kuliko nilivyotarajia; nyumba yangu, lile shimo la kulimbikizia kete, ilifika kete 13. Ndipo nikala upande wake, nikasambaza, na kete ya mwisho ikaangukia ndani ya nyumba yangu, shimo la mbele yake likiwa tupu. Hapo uamuzi ulikuwa wangu: nilale, yaani niishie hapo, au nisafiri, yaani nichote kete zote za nyumba nizisambaze.

Nililijua jibu. Nililijua kabisa kwamba nilale. Lakini watu wasiopungua kumi walikuwa wananong'ona nyuma ya shingo yangu, mmoja akisema "safiri, safiri", na mkono wangu ukachota nyumba nzima. Bado nakumbuka uzito wa zile kete za komwe kiganjani, na jinsi zilivyokuwa zikipungua, moja baada ya moja, hadi ya mwisho ikaanguka shimo tupu. Mzee hakucheka. Alirudisha kete zote mahali zilipokuwa kabla sijachota, akawaambia walio nyuma yangu, "Ondokeni, mtoto anafikiri." Hilo ndilo jibu langu kwa swali la dada: mtu mzima awaondoe watazamaji.

Mtazamaji

Kaka, mada ni maigizo na ngonjera. Bao ni suala jingine.

Mcheza Bao (Unguja)

Dada ameandika "mchezo". Bao ni mchezo, na lile igizo la kanisani ni mchezo. Lugha imeviita kwa jina moja kwa sababu vyote viwili mtu huingia akiwa yeye, watu wakamtazama, akawa mwingine.

Mtazamaji

Kwenye bao unapoteza kete. Jukwaani unapoteza heshima yako mbele ya shule nzima. Havilingani.

Mlezi wa Ngonjera (Tanga)

Naomba tusigombane. Bao limo, mimi ndiye niliyeuliza, na nimeandika pembeni maneno ya yule mzee.

Mkaazi wa Nakuru

Nimesoma kuanzia juu na nimekaa muda mrefu kabla ya kuandika. Mwaka 1997 nilikuwa kidato cha tatu. Shule yetu ilifika ngazi ya mkoa katika tamasha la maigizo la shule, jambo ambalo halikuwa limewahi kututokea, na mwalimu wetu alikuwa ametufundisha kila kitu, tangu namna ya kuingia hadi namna ya kuinama mwishoni. Alikuwa na sheria moja aliyoirudia kila siku: mkikosea, endeleeni, kwa sababu mtazamaji hajui mlichoandika.

Niliigiza mke wa mzee aliyekataa kuwagawia wanawe shamba. Katika tukio la mwisho mzee alipaswa kuanguka na kufa huku wanawe wakigombana, nami nipige magoti kando yake na kumwombolezea. Siku ile alianguka mistari miwili kabla ya wakati wake. Bakora yake ikabiringika hadi ukingoni mwa jukwaa. Nilidhani amesahau, nikakimbia nikapiga magoti, na nilipomshika mkono nikahisi unatetemeka kwa nguvu ambayo hakuna mwigizaji anayeweza kuiigiza. Tulikuwa tumempaka unga wa ngano kichwani kuwa mvi, na jasho lilikuwa limechora mifereji kwenye unga ule kuanzia kwenye paji hadi masikioni. Macho yake yalikuwa wazi, naye hakuniona.

Ukumbi mzima ukasimama na kupiga makofi. Sijawahi kuyasikia makofi kama yale. Wale wana waliendelea kugombana kwa sababu ndivyo walivyofundishwa, nami, Mungu anisamehe, niliomboleza. Nilisema maneno yote, hakuna hata moja lililonipotea, nikiwa nimeushika mkono ule unaoruka, nikimtazama mwalimu pembeni mwa pazia nikitumaini ataona machoni mwangu kwamba hili si igizo. Alinionyesha dole gumba. Alidhani nami naigiza vizuri.

Pazia lilipofungwa ndipo nilipopiga yowe. Alizinduka katika darasa tulilolifanya chumba cha kubadilishia nguo, na jambo la kwanza alilouliza ni kama aliyasema maneno yake ya mwisho. Baadaye mama yake alituambia kwamba alikuwa na kifafa tangu utotoni, nao walificha kwa kuogopa angefukuzwa shule. Waamuzi walimpa cheti cha mwigizaji bora wa siku, na mwalimu akakipokea kwa niaba yake. Yu hai, ana familia, na tunasalimiana. Sijawahi kumwuliza kama anakumbuka makofi.

Dada wa Tanga, binti yako alikwama na watu wakaona kwamba amekwama. Mimi sikukwama, na hadi leo natamani ningekwama.

Mpenda Maigizo

Pole sana, dada yangu. Sina neno zaidi.

Mtazamaji

Huyo mwalimu alistahili kuulizwa. Sheria ya kusema onyesho lisisimame kwa jambo lolote ni sheria ya kuwafanya watoto wawe mashine.

Mkaazi wa Nakuru

Tafadhali, mwalimu yule msimhukumu kwa maneno yangu. Alilala hospitalini usiku ule kwenye benchi, na mwaka uliofuata hakufundisha maigizo tena.

Mtazamaji

Simhukumu mtu, naihukumu sheria.

Mwalimu Mstaafu (Dodoma)

Sheria hiyo tuliifundisha sote, ndugu, na mara nyingi iliwasaidia watoto. Mtoto aliyesahau mshororo akaendelea alishuka jukwaani akiwa na furaha. Kosa letu lilikuwa kutowapa na neno la kusimamishia.

Jirani wa Mtaa wa Pili

Mtu wa kifafa akianguka, bibi yetu alikuwa akimnusisha kitunguu au kumpa kijiko ang'ate asijiume ulimi.

Muuguzi

Naomba hapo nisimame kidogo, kwa sababu linaweza kutokea kwenye onyesho lolote. Usimtie kitu chochote mdomoni, si kijiko wala kitambaa, na usimkandamize asitetemeke. Ondoa vitu vigumu vilivyo karibu naye, mwekee kitu laini chini ya kichwa, na mtetemeko ukipungua mgeuze alale ubavu ili mate yatoke. Tazama saa. Ukipita muda wa dakika tano, au akianguka tena kabla hajazinduka, apelekwe hospitali haraka. Kitunguu hakina kazi pale.

Fundi Jukwaa (Bagamoyo)

Mimi nilisoma Bagamoyo, katika chuo kilichoanzishwa 1981 ambacho sasa ni TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na maneno ya mwalimu juu ya neno la kusimamishia ndiyo hasa niliyotaka kuyaleta. Kundi letu tunaigiza kwa watoto na kwa watu wazima, na kabla ya kila onyesho tunachagua neno moja ambalo halimo kabisa katika igizo. Yeyote akilisema, hata anayeigiza maiti, kila mtu anaacha alichokuwa akifanya na taa za ukumbi zinawashwa. Kwenye ngoma tunalo jambo kama hilo: anayeongoza ngoma ndiye jicho la wachezaji, na akibadilisha pigo wachezaji hujua kwamba kuna kitu. Kwenye sarakasi kuna mtu ambaye kazi yake yote ni kusimama chini akiwatazama walio juu, na hatazami watu hata mara moja.

Kwa mtoto wa ngonjera nashauri kitu chepesi zaidi. Wawe wawili, na kila mmoja ajue mshororo wa kwanza wa kila ubeti wa mwenzake. Mmoja akinyamaza, mwingine anamtupia mshororo huo kwa sauti ya kawaida, kana kwamba anamuuliza, na katika majibizano watu wataona ni sehemu ya mchezo.

Mama Wawili

Hilo limenikaa. Nami naongeza kwamba mtoto asipewe chai nyingi asubuhi ya onyesho.

Mpenda Maigizo

Mimi nilipewa tangawizi, ikanisaidia.

Mama Wawili

Tangawizi kwa sauti, sawa, si kwa kumbukumbu.

Mlezi wa Ngonjera (Tanga)

Nimerudi. Jana jioni nilimwita yule mwenzake, nikawaweka kwenye kibaraza bila mtu mwingine yeyote, hata kaka zao niliwatuma dukani. Wamefundishana mishororo ya kwanza. Niliwaeleza pia habari ya neno la kusimama, wakanong'onezana kwa muda mrefu, kisha wakaniambia wamechagua "kisamvu", kwa sababu wameipitia ngonjera yote ubeti kwa ubeti na hakuna mahali kisamvu kimetajwa. Wamenitaka nikae mbele Ijumaa ijayo watakapoisema tena, mahali wanaponiona, ili wakilisema mimi ndiye nisimame.