Mjadala: Apatimenti za siku kwenye mitaa ya makazi, zibaki au ziondoke?

Mkazi wa Ilazo
Wadau, tulijadili hili bila kulindana. Nyumba za kupangisha kwa siku zimejaa Ilazo, Kisasa na Njedengwa hapa Dodoma. Bunge la Bajeti likianza Aprili, hadi linaahirishwa Juni hujui ng'ambo ya ukuta amelala nani. Geti linagongwa saa 8 usiku, honi juu, watoto wanaamka. Nasema zihamie viwanja vya biashara. Wenye nyumba wenyewe wapo Dar wanapokea miamala. Chemba za maji taka zikifurika, harufu ni yetu.

Mama Nyumba ya Mbele
Nani yupo Dar? Wengi wetu tunalala nyumba ya uani, ya mbele ndiyo ya wageni. Hiyo ndiyo ada ya shule na rejesho la benki. Kabla Serikali haijahamia, huko Njedengwa mlikuwa mnalima uwele. Mji umepewa hadhi ya jiji 2017, mnataka ubaki kijiji?

Mgogo wa Chamwino
Uwele usiutaje kwa dharau, mama. Ndio uliotulea miaka ya ukame. Na jiji ni 2018, Aprili 26, siku ya Muungano. 2017 ilivunjwa CDA, mamlaka ya kustawisha makao makuu. Ukitaka kutufundisha mji wetu, anza na tarehe.

Mama Nyumba ya Mbele
Sijadharau chakula cha mtu. Nimemjibu aliyenipeleka Dar.

Fundi Septiki
Mmeacha chemba, na kero iko hapo. Nyumba nyingi zimechorewa familia moja. Watu 5 kwa lita 80 ni lita 400 kwa siku. Shimo la kunyonya, lile linalopokea maji ya tangi la septiki ili yazame ardhini, likiwa na kipenyo cha mita 1.5 na kina cha mita 3 lina ukuta wa mita za mraba 14 hivi. Udongo tifutifu wenye mfinyanzi ukinyonya lita 30 kwa kila mita ya mraba, unapata lita 420. Familia inapona kwa kubanana. Sasa weka vyumba 6, wageni 12 kwa lita 120, ongeza lita 360 za kufua shuka na taulo. Hizo ni lita 1,800. Zitakwenda wapi kama si barazani kwa jirani?

Mama Nyumba ya Mbele
Lita 120 ni za kutukomoa. Mgeni anakuja usiku, anaondoka asubuhi.

Fundi Septiki
Anaoga jioni, anaoga asubuhi, na bomba la mvua linatoa lita 8 kwa dakika. Dakika 5 mara mbili ni lita 80 kabla hajavuta choo. Halafu kuna klorini ya kung'arishia shuka: ikizidi inaua bakteria wanaoyeyusha kinyesi, tope linajaa haraka kwenye tangi na kupita hadi shimo la kunyonya. Matundu yakishaziba, gari la maji taka litakupa nafuu ya siku chache tu, kisha maji yanarudi. Chimbeni shimo la pili, wekeni kiungo cha T kwenye njia ya kutokea ya tangi ili tope na mafuta visipite, na nyonyeni tope likifika theluthi ya kina cha tangi.

Mgogo wa Chamwino
Na wenye visima?

Fundi Septiki
Mita 30 kutoka shimo hadi kisima, isipungue. Ndiyo maana kiwanja kidogo hakistahili vyumba 6 vya wageni.

Karani wa Mtaa
Anayelaza wageni kwa siku anatakiwa kuwa na leseni ya biashara na kitabu cha wageni: jina, kitambulisho, alikotoka, anakokwenda. Wengi wanaandika namba ya simu tu. Pakitokea wizi, polisi wanakuta ukurasa mtupu. Anayekerwa aandike tarehe na saa za kelele, apeleke kwa mtendaji wa mtaa kwa maandishi, abaki na nakala yenye muhuri. Malalamiko ya mdomo hayana pa kuanzia.

Mkazi wa Ilazo
Swali langu lilikuwa zibaki au ziondoke.

Mama Nyumba ya Mbele
Na mimi nauliza: chemba zikifurika kwenye ukuta wa pamoja, kwa nini gari nilipe peke yangu? Nani kasema maji ni yangu?

Fundi Septiki
Inapimika, mama. Mwageni rangi ya chakula chooni, nyumba moja leo, nyingine baada ya siku tatu, maji ya kutosha yakifuata. Rangi ikitokeza kwenye maji yanayofurika, mwenye choo hicho ndiye alipe.