Bango la duka la vifaa vya ujenzi, mita 3 kwa 1.5: nipunguze nini kabla ya kuchapa?

Kokoto Laini (mleta uzi)

Habari zenu wakuu. Duka ni la vifaa vya ujenzi, Morogoro mjini, kando ya lami inayopita daladala na bodaboda kutwa nzima. Bango ni la fleksi (turubai la plastiki linalochapwa), mita 3 kwa mita 1.5, litafungwa juu ya mlango.

Rasimu tuliyoletewa iko hivi: uwanja mwekundu, maandishi ya bluu, jina la duka kwa herufi za mwandiko, orodha ya bidhaa 14, picha 6 (saruji, bati, nondo, bomba, ndoo ya rangi na mwenye duka mwenyewe), namba 4 za simu, na pembeni "Bei nafuu, huduma bora, karibuni nyote". Mwenye duka ameipenda kwa sababu kila kitu kipo. Mimi nikiitazama sijui jicho lianzie wapi. Naomba mnisaidie: kipi kitoke, kipi kibaki, na kwa vipimo gani? Mchoro huohuo tunataka uende pia kwenye status ya WhatsApp.

FundiMabango

Mkuu, anza na muda wa msomaji, rangi zitafuata. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa linakata karibu mita 14 kila sekunde. Bango likianza kusomeka mita 60 kabla ya duka, abiria ana sekunde 4 tu, na dereva ana pungufu ya hapo maana macho yake yako barabarani. Ndani ya muda huo yanaingia maneno sita au saba. Orodha ya bidhaa 14 haisomwi hata neno moja, kwa sababu kila mstari unaiba ukubwa wa mwenzake.

Kwa kimo cha herufi, hesabu sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali. Hapo mtu anasoma bila kukaza macho. Anayetembea ng'ambo ya barabara, mita 20 hivi, anahitaji herufi za sentimita 17. Wa mita 33 anahitaji sentimita 28. Umbali ukizidi hapo herufi bado zitasomeka, ila kwa taabu.

Sasa ligawe bango lako lenye kimo cha sentimita 150, kutoka juu kwenda chini: ukingo mtupu 12, jina la duka 18, nafasi 10, mstari wa kwanza wa bidhaa 28, nafasi 10, mstari wa pili 28, nafasi 12, namba ya simu 18, ukingo wa chini 14. Zimetimia 150. Mistari ya bidhaa iwe SARUJI, BATI na chini yake NONDO, RANGI. Kila mstari una nafasi 12 za herufi. Herufi nene isiyo na mikia ina upana wa takriban 0.65 ya kimo chake, kwa hiyo mstari unakula kama sentimita 218. Ukitoa kingo za pembeni 12 kwa 12 na nafasi ya 8, unabaki na safu ya sentimita 50 upande wa kulia. Hapo inakaa picha moja iliyosimama: mfuko wa saruji.

Maandishi yote yaanzie mstari mmoja wa kushoto. Yakiwekwa katikati, kila mstari unaanzia mahali pake na jicho linalazimika kuutafuta upya.

Bi Pindo

Naongezea kuhusu nafasi tupu, maana hiyo ndiyo mwenye duka ataigomea kwanza. Mwonyeshe kanga. Pindo linazunguka pande zote, mji, yaani sehemu ya katikati, una mapambo yake, na jina (ule msemo) ni mstari mmoja uliotengewa mahali. Hakuna anayesema pindo ni kitambaa kilichopotea. Zile sentimita 12 za pembeni usizijaze. Nafasi kati ya jina la duka na bidhaa ndiyo inayomwambia msomaji kwamba hivi ni vitu viwili tofauti, na vinavyohusiana visogezwe karibu.

Herufi za mwandiko zitoe. Kwa mbali vile vishikizo vinavyounganisha herufi huzibana, "n" na "u" zinafanana, na mtu anapita bila kujua duka linaitwaje. Tumia fonti moja, nene kwa bidhaa na ya kawaida kwa jina. Namba za simu: moja. "Bei nafuu, huduma bora" imeandikwa kwenye kila duka la mtaa, haimpi mtu sababu ya kuvuka barabara.

Rangi na Mwanga

Bluu juu ya nyekundu iondoe leo hii. Macho hayawezi kulenga rangi hizo mbili kwa pamoja vizuri, ndiyo maana kingo za herufi zinaonekana kama zinatetemeka. Tatizo la pili ni mwanga: nyekundu kamili na bluu kamili za kwenye skrini zina uwiano wa mwanga wa kama 2.15 kwa 1 tu, wakati kipimo kinachotumika kwenye tovuti kwa maandishi ya kawaida ni angalau 4.5 kwa 1. Nyeupe juu ya nyekundu inafika kama 4. Nyeusi juu ya njano inapita 19.

Jaribio rahisi: geuza mchoro uwe wa rangi ya kijivu kwenye simu. Maandishi yakizama kwenye uwanja, rangi hazifai hata kama zinapendeza.

Mimi ningeweka uwanja wa njano na herufi nyeusi.

Tofali Bichi

Nakubaliana na hesabu, ila kwanza atoke nje atazame mtaa. Barabara nyingi zimejaa wekundu wa Vodacom, Airtel na Coca-Cola, hivyo uwanja mwekundu unapotea hata ukiwa na herufi nyeupe nzuri. Lakini kama jirani naye ana bango la njano, njano ya pili itamezwa vilevile. Piga picha ya maduka yote ya upande huo, bandika mchoro wako juu ya picha, halafu amua. Bluu iliyokolea na herufi nyeupe inaweza kushinda hapo.

Na jua la Morogoro si la mchezo. Wino mwekundu na wa njano hupauka kwanza, nyeusi hudumu. Ndiyo maana mabango ya zamani hubaki na ubluububluu. Maandishi ya lazima yawe meusi, au meupe yaliyoachwa kwenye uwanja uliokolea.

Kokoto Laini

Asanteni sana. Majirani wawili wana mabango mekundu, mmoja wa kijani, njano hakuna. Nakwenda na njano na nyeusi. Maswali mawili: faili nilipeleke vipi kwa mchapaji, na mwenye duka bado anataka sura yake iwepo. Nimjibu nini?

FundiMabango

Faili: chora kwa kipimo halisi, nukta 100 kwa inchi. Hiyo ni takriban pikseli 11,800 kwa 5,900. Programu ikilemewa, chora kwa moja ya kumi, yaani sentimita 30 kwa 15, nukta 1,000 kwa inchi. Geuza herufi kuwa michoro, hifadhi PDF, ili fonti isibadilike kwenye kompyuta ya mchapaji. Usitume kama picha ya WhatsApp. Ikibanwa ikabaki na pikseli 1,600 hivi, ukiitandaza kwenye mita 3 unapata chini ya nukta 14 kwa inchi na kingo za herufi zitakuwa ngazi ngazi. Tuma kama hati au peleka kwa flashi. Picha ya mfuko yenye upana wa sentimita 50 inahitaji pikseli 2,000 za upana, simu ya kawaida inatosha. Picha ya intaneti yenye pikseli 600 haitoshi.

Rangi ziwe za CMYK, yaani wino nne za mchapaji kwa mpangilio huu: samawati, waridi iliyokolea, njano na nyeusi, kila moja kwa asilimia. Njano: 0, 15, 100, 0. Nyeusi ya eneo kubwa: 60, 40, 40, 100, maana nyeusi ya wino mmoja hutoka ya kijivu. Mwambie mchapaji akunje pindo la sentimita 4 na aweke ringi za kufungia kila sentimita 50, upepo usichane kona. Muulize kama pindo linatoka ndani ya mita 3 au analiongeza nje, kisha thibitisha kwamba ukingo wako wa sentimita 12 hauliwi. Omba kipande cha majaribio cha ukubwa wa A4, ukitazame juani, si ofisini.

Bi Pindo

Kuhusu sura: safu ya kulia ina nafasi ya picha moja. Sura inasaidia pale mteja anapomfuata mtu mwenyewe, kama saluni au fundi wa nguo. Kwenye vifaa vya ujenzi mfuko wa saruji unasema duka linauza nini hata kwa asiyesoma. Akigoma kabisa, sura ichukue nafasi ya mfuko, na macho yatazame kushoto yalipo maneno. Sura inayotazama nje ya bango inampeleka msomaji nje.

Kabla ya kulipia fanyeni jaribio hili pamoja naye: chapa mchoro kwa upana wa sentimita 4.5 na uutazame ukiwa umeushika sentimita 60 kutoka machoni. Ndivyo bango la mita 3 linavyoonekana ukiwa mita 40. Chapa na ile rasimu ya kwanza kwa ukubwa huohuo, mwache achague mwenyewe.

Status ya WhatsApp iwe kazi nyingine, si bango lililobanwa. Pikseli 1,080 kwa 1,920, bidhaa moja, bei moja kubwa, na acha kama pikseli 250 juu na chini ambako jina na sehemu ya kujibu hufunika. Bei ziishie huko. Bei ya saruji hubadilika, na bango lenye bei iliyopitwa linaleta ugomvi dukani.

Tofali Bichi

Na upite halmashauri kuulizia ushuru wa mabango kabla ya kuchapa. Ukubwa ukibadilika baada ya hapo, vipimo vyote vya juu vinahesabiwa upya.