Kitabu au gemu iliyokufanya ubadilishe namna unavyoishi, tupeane uzoefu

Wadau habari zenu. Juzi nimepita Ngamiani hapa Tanga nikakuta wazee barazani wanacheza bao, nikasimama pale mpaka adhana ya magharibi. Mwenye kitabu au gemu, iwe bao, drafti au ya kwenye simu, iliyomfanya afikirie upya maisha yake aseme. Naanza mimi.

Bao nilifundishwa na babu mzaa mama mwaka ambao mwenzangu wa biashara alitoroka na mtaji wetu wote. Nilikuwa silali. Babu hakunipa nasaha yoyote, aliniambia tu kaa hapa mjukuu wangu tucheze. Mashimo 32, kete 64 za komwe, kila mtu 10 ubaoni na 22 mkononi, na sita kati ya zile za ubaoni zinakaa kwenye shimo moja linaloitwa nyumba. Mimi nyumba yangu nilikuwa sitaki kuigusa, kila kete ya mwisho ikiangukia pale nalala, yaani zamu yangu inaishia hapo, naona nimeweka akiba, kumbe babu anaizunguka taratibu mpaka anaila yote kwa mkupuo mmoja. Anazichota kwa kiganja anazipanda upande wake moja moja, tak tak tak, halafu ananiangalia. Kilichonikaa kichwani ni kwamba kwenye bao la kete hakuna kete inayotoka ubaoni, ikiliwa imehamia upande wa pili tu na kesho yake unaweza kuila tena. Nilianza upya na mabunda mawili ya mitumba, sasa hivi nina meza yangu sokoni.

*Mdau wa Chumbageni:*
Mkuu umenigusa. Mimi ni This War of Mine, gemu ya Wapolandi ya 2014, hata kwenye simu ipo. Huchezi kama askari, unacheza kama raia waliozingirwa na vita, mchana mmejificha, usiku unatoka kutafuta chakula na dawa. Kuna nyumba wanaishi mzee na mkewe, hawana silaha, nikawaibia dawa maana kwangu kulikuwa na mgonjwa. Yule babu ananifuata nyuma ananisihi nisichukue. Asubuhi mtu wangu niliyemtuma kuiba kajaa huzuni. Nikaizima simu nikakaa gizani. Nina jirani bibi anaishi peke yake, miaka mitatu nampa shikamoo ya mlangoni tu, siku ile nikaingia ndani nikamuuliza bibi leo umekula nini.

*Mdau wa Pongwe:*
Kwangu ni Utubora Mkulima cha Shaaban Robert, mtu wetu huyu, kazaliwa Machui hapa hapa Tanga 1909. Utubora anaaga kazi ya mshahara mjini, bosi anamsihi abaki, yeye anakwenda zake kulima. Nilikisoma nikiwa shule nikamwona mjinga. Nikakirudia nina miaka 41, nimekaa kwenye foleni ya benki kusubiri mkopo wa kulipa mkopo mwingine, nikasoma ule ukurasa wa kuaga mara mbili. Kazi sijaacha maana watoto wanasoma, ila ule mkopo sikuuchukua, niliuza gari nikalipa deni nikabaki na cha kununua ekari moja Muheza nikapanda michungwa. Jumamosi nipo kule na jembe na simu naiacha kwa mama watoto.

*Mdau wa Makorora:*
Naongezea kwa mleta mada. Epictetus, yule mwanafalsafa aliyezaliwa mtumwa, naye alitolea mfano mchezo wa dadu, kwamba itakavyoanguka huna amri nayo, lakini kuicheza kwa makini iliyoanguka hiyo ni kazi yako. Nilikuwa naelewa juu juu mpaka niliposoma hii ya babu yako.

*Mleta mada:*
Mdau wa Makorora asante sana, babu hakujua kusoma lakini hilo angelikubali bila ubishi. Ubao wake ninao mimi, kona moja imeliwa na mchwa ila mashimo mazima. Ijumaa baada ya alasiri nitakuwa nao pale pale barazani, anayetaka kunamua, yaani kuanza kuingiza kete zake za mkononi, aje.