Kufunga usukani wa kujikunja kwenye baiskeli ya safari: shingo, breki na mkao

Mpanda Vilima (Lang'ata)

Habari zenu wapanda baiskeli wenzangu. Nina baiskeli ya fremu ya chuma ambayo huitumia kwa safari za kubeba mizigo, na tangu niipate imekuwa na usukani ulionyooka. Mjini hauna shida yoyote. Ninapoelekea Magadi, hasa nikishapita Kona Baridi ambako upepo huvuma usoni bila kizuizi, ndipo hukosa mahali pa kuhamishia mikono, na baada ya saa chache viganja huanza kufa ganzi. Kwa sababu hiyo nimenunua usukani wa kujikunja wa alumini, ule wenye ncha zinazopinda mbele na kushuka chini kama wa baiskeli za mashindano, upana wake sentimita 44, na kabla sijaufunga naomba maelekezo ya waliokwisha kuifanya kazi hii.

Usukani huo umeandikwa 26.0 (unene kwa milimita) pale katikati unapobanwa, ilhali shingo iliyo kwenye baiskeli, yaani kile kipande kinachoubana na kuushikilia usukani, imeandikwa 25.4. Fundi mmoja wa mtaani amenihakikishia kwamba tofauti hiyo ni ndogo na kwamba akiipanua shingo kwa bisibisi usukani utaingia. Je, nimruhusu? Jambo la pili ni breki. Zangu ni za V, zile zenye mikono miwili inayobana rimu kutoka pande zote mbili, na nimeona dukani vishikio vya breki vya baiskeli za mashindano kwa bei nafuu, nami sijui kama vitaelewana na breki hizo. Mwisho ni urefu: shingo ya sasa ni ya milimita 100, na ninahofia kwamba usukani mpya utanifanya nijinyooshe kupita kiasi. Gia ni za Shimano, tatu mbele na nane nyuma.

Fundi wa Karakana (Kariobangi)

Ndugu Mpanda Vilima, usimruhusu mtu yeyote kuipanua shingo hiyo. Nusu milimita na ushee inaonekana kitu kidogo kwenye rula, lakini shingo ya alumini hutengenezwa ili ikumbatie usukani kwa mzunguko wake wote. Ukilazimisha usukani mnene ndani ya shingo nyembamba, shingo itaushika kwenye kingo tu, bolti zitavutwa kwa mshazari, na usukani utachorwa mikwaruzo mahali palepale ambapo uzito wako wote huangukia. Alumini iliyokwaruzwa hivyo huanza ufa usioonekana, na usukani ukikatika mtelemko wa Magadi ukiwa na mizigo, hakuna breki itakayokusaidia. Tafuta shingo ya 26.0, au ukiikosa, tafuta ya 31.8 pamoja na kipande cha kujazia kilichotengenezwa mahususi kwa vipimo hivyo viwili. Shingo kubwa yenye kipande cha kujazia ni kazi halali. Shingo ndogo iliyopanuliwa si kazi.

Kuhusu breki nitaeleza kwa kirefu, kwa kuwa hapa ndipo ninapoona watu wakihatarisha maisha yao bila kujua. Vishikio vya kawaida vya baiskeli za mashindano huvuta waya kwa kiasi kidogo, kwa sababu breki zake zinahitaji waya uvutwe kidogo tu. Breki za V zina mikono mirefu na huhitaji waya uvutwe karibu mara mbili zaidi. Ukiviunganisha viwili hivyo, utalazimika kuzisogeza pedi karibu mno na rimu ili zifike, na rimu ikipinda kidogo tu barabarani zitaanza kuigusa; ukizilegeza ili gurudumu lizunguke, kishikio kitafika kwenye usukani kabla baiskeli haijasimama. Kwenye karakana, baiskeli ikiwa imening'inizwa, mpangilio huo huonekana kama unafanya kazi, na ndiyo maana wengi huondoka wameridhika.

Suluhisho lililo wazi zaidi ni kununua vishikio vya usukani wa kujikunja vilivyotengenezwa kwa ajili ya breki za V. Tektro wanavyo, vinaitwa RL520. Njia nyingine ni kubaki na vishikio vya kawaida na kubadilisha breki zenyewe ziwe kantiliva, aina inayohitaji waya uvutwe kidogo tu, ambazo hufungwa kwenye vishina vilevile vya fremu na uma. Zipo pia breki za V fupi, lakini mikono yake ikiwa mifupi nafasi ya tairi nene na madigadi hupungua, na kwa baiskeli ya safari mimi singezichagua.

Vishikio ulivyo navyo sasa havitahamia kwenye usukani mpya, kwa kuwa bomba la usukani ulionyooka lina unene wa milimita 22.2 pale vinapofungwa na la usukani wa kujikunja lina 23.8. Hali ni hiyo hiyo kwa vibadilishaji vya gia. Kwa gia nane za Shimano ningekushauri utafute vile vya kuchomeka kwenye ncha za usukani. Dirailia yako ya nyuma, ile inayohamisha mnyororo kutoka gia moja hadi nyingine, itaendelea kufanya kazi hata kama ni ya baiskeli ya milimani, kwa maana katika gia nane na tisa Shimano walitumia kipimo kimoja cha kuvuta waya kwa aina zote mbili, za milimani na za mashindano, isipokuwa seti ya mashindano ya Dura-Ace ya zamani ya gia nane. Kibadilishaji cha mbele katika seti hizo hakina hatua za kubofya, kwa hiyo unakisogeza mwenyewe mpaka mnyororo unyamaze.

Nyaya nunua mpya pamoja na maganda yake, na tafadhali usikubali ganda la gia kutumika kwenye breki. Ganda la breki limesukwa kwa waya uliozungushwa kama springi. La gia lina nyuzi zilizolala kwa urefu, na likibanwa kwa nguvu ya breki laweza kupasuka ubavuni. Angalia pia kichwa cha waya wa breki. Vishikio vya usukani wa kujikunja hupokea kichwa chenye umbo la pea, na vya usukani ulionyooka hupokea kile cha mviringo kama pipa dogo. Nyaya nyingi zinazouzwa hapa mjini zina vichwa vyote viwili, kimoja kila upande, nawe unakata usichokihitaji.

Msafiri wa Rongai

Ninakubaliana na Fundi katika yote aliyoyasema. Nitaongeza suala la mkao tu, maana mtu anaweza kuwa na vifaa vyote sahihi na bado baiskeli ikamtesa.

Ndugu, hofu yako kuhusu urefu ina msingi. Ukiwa na usukani ulionyooka, mikono yako hukaa karibu sambamba na shingo inapoishia. Kwenye usukani wa kujikunja, mahali utakapoweka mikono kwa muda mrefu zaidi ni juu ya vichwa vya vishikio vya breki, pale penye mpira, napo pako mbele ya shingo kwa sentimita nane au zaidi kutegemea umbo la usukani. Isitoshe, fremu nyingi zilizokusudiwa usukani ulionyooka zina bomba la juu refu. Ukiubadilisha usukani peke yake, utakuwa umejisogeza mbele kwa kiasi ambacho mgongo hautakisamehe. Pima umbali kutoka ncha ya kiti hadi mahali mikono yako inapokaa leo, kisha chagua shingo itakayoviweka vichwa vya breki karibu na umbali huo. Kwa maelezo yako, sitashangaa ukiishia kwenye shingo ya milimita 60 au 50. Usukani utageuka kwa wepesi zaidi kuliko ulivyozoea, lakini upana wa sentimita 44 na mkoba wa mbele vitautuliza.

Kuhusu kimo, wapanda baiskeli wengi huona picha za mashindano na kuushusha usukani hadi chini ya kiti. Kwa safari ya mizigo, weka sehemu ya juu iliyonyooka ilingane na kiti au ikizidi kidogo. Sehemu ya chini ya usukani si pambo. Unapaswa kuweza kukaa pale wakati upepo wa Kona Baridi unapokujia, na pia unaposhuka kuelekea Olorgesailie, kwa sababu vidole huvuta breki kwa nguvu zaidi kutoka huko chini kuliko kutoka juu. Ikiwa sehemu hiyo iko chini kiasi kwamba huwezi kuivumilia kwa dakika kumi, basi umelipia mikao ambayo hutaitumia.

Bomba la uma, lile linalopanda hadi kuingia kwenye shingo, usilikate mapema. Acha pete zote za kuinulia, nyingine juu ya shingo na nyingine chini, uendeshe kwa wiki kadhaa ukizihamisha, na ukate ukiwa na hakika.

Mpanda Vilima (Lang'ata)

Nawashukuru sana nyote wawili. Nimemwambia fundi wa mtaani asiiguse shingo, na nimeanza kutafuta ya milimita 60 yenye kipimo cha 31.8. Naomba kuuliza jambo moja zaidi kuhusu ganzi. Huanza kwenye kidole cha mwisho na kinachofuata, mikono yote miwili. Je, usukani mpya utaiondoa, au kuna jambo jingine ninalopaswa kulitazama?

Dada wa Kikuyu

Kaka, ganzi ya vidole hivyo viwili hutokana na kubanwa kwa mshipa wa fahamu unaopita upande wa nje wa kiganja, chini ya kidole cha mwisho. Usukani ulionyooka hulaza kiganja kifudifudi na kukikunja kwenye kifundo, kwa hiyo mshipa huo hukandamizwa muda wote. Vichwa vya breki hukuruhusu kushika kana kwamba unampa mtu mkono, na mkao huo huupunguzia mzigo. Utapata nafuu, lakini kwa sharti kwamba kifundo kibaki kimenyooka. Ukivifunga vichwa vya breki chini sana, mikono itateleza mbele na utaishia kujisukuma nyuma kwa viganja.

Tazama kiti kabla ya kuugusa usukani. Ncha yake ikiinama, mwili huteleza mbele na mikono ndiyo inayouzuia siku nzima. Kiweke sawasawa kwa kipimio cha maji. Rafiki zangu kadhaa walibadilisha glavu, utepe wa kuzungushia usukani na usukani wenyewe kabla ya kugundua kwamba shida ilikuwa kwenye bolti moja chini ya kiti.

Nina viganja vidogo, kwa hiyo nitaongeza hili kwa wanawake na wengine wanaosoma: vishikio vingi vina skrubu ndogo ya kuvisogeza karibu na usukani. Hakikisha vidole viwili vinakifikia kishikio ukiwa umeshika sehemu ya chini, bila kuachilia usukani.

Fundi wa Karakana (Kariobangi)

Dada amesema kweli kuhusu kiti. Nimalizie na utaratibu wa kufunga.

Futa grisi na vumbi lote mahali usukani unapobanwa, uweke katikati, kisha kaza bolti za uso wa shingo, kile kifuniko cha mbele kinachoubana usukani, kidogo kidogo kwa kupishana, mpaka nafasi ya juu na ya chini kati ya uso na shingo zilingane. Nguvu ya kukaza huandikwa kwenye shingo yenyewe. Mara nyingi ni nyutoni-mita 5 au 6, na ni vyema kuazima spana yenye kipimo. Bolti ya kifuniko cha juu huondoa mchezo wa beringi tu, wala haishiki usukani. Ikaze kwanza, kisha zile za ubavuni mwa shingo.

Vifunge vishikio vya breki kwa kukaza kiasi, ubandike maganda ya nyaya kwa utepe wa umeme, na uendeshe hivyohivyo hadi uridhike na mkao. Geuza usukani mpaka mwisho pande zote mbili uone kwamba hakuna waya unaovutwa. Breki ya mbele nakushauri uiweke mkono wa kulia. Sisi tunaendesha kushoto mwa barabara, na mkono wa kulia unapotoa ishara ya kukata njia, wa kushoto utabaki kwenye breki ya nyuma. Kabla ya kutoka, lishike gurudumu la mbele kati ya magoti na ujaribu kuuzungusha usukani, kisha ulalie vichwa vya breki kwa uzito wako wote. Kikisogea chochote, hakijakazwa vya kutosha.

Utepe ni wa mwisho kabisa. Anza kwenye ncha za usukani na upande kuelekea shingo, ukiuvuta kwa nguvu isiyobadilika na kuufunika kila mzunguko kwa theluthi moja hivi ya upana wake. Ukianzia juu, kingo zitatazama juu na mikono itazikunja. Ukirudi kutoka safari ya kwanza, pitia bolti zote za shingo tena kwa spana.